Kunde za Kulungu

Mume wangu alikulia Nairobi, na kwa baba yangu hiyo ilikuwa kesi isiyo na rufaa. Baba aliishi ukimbizini Uganda akiwinda. Mkwe wake, alisema, nyama anaijua ikiwa ndani ya karatasi ya buchari. Hakuwahi kumwita "mtoto yangu". Alimwita "huyo ya Nairobi". Basi mume wangu akaapa mbele ya ukoo mzima kwamba Pasaka baba atakula kulungu ambaye yeye, mkwe, amemwinda kwa mkono wake.

Tuna kipande cha msitu nyuma ya kijiji cha Nesitu, nje ya mji. Alikifyeka katikati ili jua lifike chini, akaacha vichaka pembeni wageni wake wapate pa kulala, akaweka mawe ya chumvi, akajenga kichanja juu ya mkwaju. Kwenye uwazi akapanda kunde, eti kulungu hawezi kuzipita. Mimi nikakatazwa kufua nguo zake kwa sabuni, maana mnyama angeinusa. Nilichoka naye, nisiseme uongo.

"Mvumilivu hula mbivu," aliniambia, huku akinuka.

Jumamosi ya Pasaka alinipigia simu, ndiyo kwanza aamke kichanjani. "Wamekuja! Kunde zimeliwa zote, hata jani halijabaki!"

"Na nyayo?"

"Za malapa tu. Watu wenye wivu wamekanyaga juu ya za kulungu."

Nikapanda boda kumpelekea chakula. Kando ya barabara kuu, pale Nesitu, mama mmoja alikuwa akiuza mafungu ya majani mabichi ya kunde. Nikamuuliza amezitoa wapi.

"Kwa msitu. Kuna mtu alipanda, halafu akaenda kukaa juu ya miti. Maskini, kichwa yake iko na shida. Sisi inasaidia yeye kuvuna."

Nikanunua mafungu mawili, nikayaficha ndani ya kanga.

Siku ya Pasaka baba alifika kutoka mtaani kwake Hai Malakal bila kunywa hata chai, kuiachia nyama nafasi. Mume wangu alikuwa amerudi mikono mitupu, imejaa malengelenge. Nilimwonea huruma, kwa sababu hakuitaka nyama ile hata kidogo, alitaka heshima. Nikatenga asida, ugali wa kwetu, na kunde za karanga. Baba alikula, akafuta sahani kwa kidole.

"Hii kunde inatoka wapi?"

"Msituni kwa mkwe wako," nikasema. "Alimpandia kulungu."

Mume wangu akanitolea macho. Baba akaitazama mikono ile ya mkwe wake yenye malengelenge, akaanza kucheka hadi akashika mbavu.

"Yaani wewe ilitega nyama ya porini, na yenye iliingia ni mimi!" Akasukuma sahani mbele. "Haya, mtoto yangu, piga mshale. Lakini kwanza ongeza."