Meno ya Juu ya Tuma

Nilipokuwa mtoto kule Rujewa, meno ya mtoto mchanga hayakuwa mambo ya mama yake peke yake. Jino la kwanza likichomoza chini, watu walipongeza na maisha yakaendelea. Likichomoza juu, nyumba nzima ilinyamaza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego, kwa walioamini, alikuja duniani na vifo vya ndugu zake.

Mdogo wangu Tumaini, ambaye sote tulimwita Tuma, alianza kuota ya juu. Siku yenyewe siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba Bibi, mama yake baba aliyekuwa akiishi nasi, hakumbeba tena mgongoni. Mama, ambaye alikulia kwa Walutheri wa upande wa Iringa, alimpeleka mtoto kanisani akabatizwa, akasema habari imeisha. Kwa Bibi haikuisha. Hakumpiga Tuma wala kumnyima chakula. Nitamdhulumu marehemu nikisema hivyo. Alimwekea masharti tu. Asicheke mbele ya mpunga ulioanikwa. Asimnyooshee mtu kidole. Na zaidi ya yote, asimwambie mtu neno baya akiwa na hasira.

"Mdomo wa huyu unatangulia," Bibi alisema. "Akishasema, kimeshakwenda."

Tuma alikua na masharti hayo kama wenzake walivyokua na amri ya kunawa mikono kabla ya kula. Alipofika umri wa miaka minne, mitano, akagundua kwamba watoto wa jirani wanamwogopa. Akinyimwa zamu ya kuruka kamba aliinua mdomo wa juu kwa kidole akawaonyesha meno, nao wakampisha. Alifurahia sana. Hakuna aliyemfundisha kufanya vile. Alijaribu mara moja akaona inafanya kazi, akajaribu tena.

Leo nafundisha chuo cha ualimu hapa Iringa, nawaandaa walimu wa madarasa ya awali, na kila nikifika kwenye mada ya jinsi mtoto mdogo anavyofikiri naiona sura yake ile. Tunawaeleza wanachuo kwamba mtoto wa umri huo hajatenganisha sawasawa anachokitaka yeye na kinachotokea duniani. Akitembea, mwezi unamfuata. Akimkasirikia mama yake asubuhi, na mama akaugua mchana, kwake hayo ni jambo moja. Na kifo anakiona kama safari. Aliyekwenda anaweza kurudi. Wanachuo wanaandika, wanauliza kama litatoka kwenye mtihani, tunaendelea.

Baba yetu alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Baba mdogo Festo. Hakuwa ameoa. Alikuwa na pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, lenye tela nyuma, na wakati wa mavuno alibeba magunia ya mpunga ya watu kutoka mashambani kupeleka mashineni kukobolewa. Tuma alikuwa wake. Ndivyo alivyosema mwenyewe: "Huyu mwenye meno ni wa kwangu." Alimpandisha juu ya magunia, wakienda na kurudi, Tuma akiimba nyimbo za shule ya Jumapili kwa sauti ya kushindana na injini.

Asubuhi moja alikataa kumchukua. Mvua za mwisho zilikuwa zimechelewa kukatika, njia ya kando ya mfereji ilikuwa tope tupu, na tela lilikuwa limejaa kupita kiasi.

"Leo baki na dada yako," alimwambia. "Kesho nitakupeleka."

Tuma alilia, akashika tela, akatolewa. Pawatila ilipoanza kuondoka akapiga kelele nyuma yake, "Basi nenda, na usirudi."

Jirani yetu aliyekuwa akifagia uwanja wake alisikia. Bibi hakuwepo.

Kabla ya saa za chakula cha mchana watu walikuja mbio. Tuta la mfereji lilikuwa limemomonyoka chini ya gurudumu, pawatila ikapinduka na mzigo wote, naye Baba mdogo akabaki chini yake majini. Walipomtoa alikuwa ameshafariki.

Msibani kulikuwa na mazungumzo mawili, na mimi niliyasikia yote kwa kuwa nilikuwa nikipita na sinia za chakula. Nje, kwa wanaume, waliomtoa majini walieleza jinsi udongo ulivyolainika na jinsi mzigo ulivyoelemea upande mmoja. Ndani, kwa wanawake, jirani alieleza alichokisikia akifagia. Nimefikiria sana miaka hii kwamba hakuna aliyeona mazungumzo hayo yanapingana. Tuta lilieleza amekufaje. Neno la Tuma lilieleza kwa nini yeye, na kwa nini siku ile.

Bibi alikuwa ameketi mkekani amejifunika kanga hadi kwenye paji la uso. Alimwita Tuma akamsimamisha mbele yake.

"Ulimwambia nini baba yako mdogo?"

"Nilimwambia asirudi."

"Ulikuwa umekasirika?"

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa nani kafanya hivi?"

Tuma alitazama wale wanawake mmoja mmoja, kama mtoto anayetafuta jibu usoni kwa mwalimu. Kisha akasema, "Mimi."

Shangazi mmoja aliguna, "Mnaona. Mwenyewe kasema." Mama yangu alikuwa jikoni kwenye masufuria ya watu wengi, na alipoletewa habari alikuja mbio akambeba Tuma, lakini neno lilikuwa limeshatoka na limeshapokelewa.

Baada ya watu kutawanyika, Bibi aliamua kwamba meno yatolewe, yale ya mbele ya juu. Mama alikataa, akasema atarudi kwao Iringa na wanawe. Nilimsikia Baba akimjibu kwa sauti ndogo, "Mama amezika mtoto. Tumwachie hili moja." Kwa Baba, nadhani, yalikuwa meno ya utoto tu, yangetoka hata hivyo, na mama yake alihitaji kitu cha kushika. Mama aliingia chumbani akafunga mlango.

Basi tukaenda, Bibi, Tuma na mimi niliyeambiwa nimshike mkono, mpaka kwa mama mmoja mtaa wa pili aliyejulikana kwa kazi hiyo. Alikuwa na plaizi na bakuli la maji ya chumvi. Tuma hakulia. Alikaa mwenyewe kwenye kigoda, na kabla hajafungua mdomo akamgeukia Bibi.

"Wakiyatoa, baba mdogo atarudi?"

Yule mama akasema, "Panua, mwanangu, nisikuumize."

Nilimshika mikono. Yaliyofuata sitayaeleza.

Tulipofika nyumbani alikataa kulala. Alikaa barazani na kitambaa mdomoni, akaiangalia njia ya mashineni. Mama alimletea uji uliopoa. Akanywa bila kuondoa macho barabarani. Kesho yake akakaa pale pale, na kesho yake tena. Kila injini ikisikika alisimama. Wengine walidhani anapumzika. Mimi nilijua anamsubiri, kwa sababu niliambatana naye kule na nilisikia swali lake, na nilijua hakuna aliyelijibu.

Alipoona harudi, aliacha kusema. Si kwa ghafla. Maneno yalipungua tu kama maji ya mfereji yanapofungwa juu. Watu walisema dawa imemkolea, ametulia. Nikiangalia sasa naona alikuwa anafikiri kwa bidii kubwa. Meno yametolewa na mtu hajarudi, kwa hiyo ubaya haukuwa kwenye meno pekee. Ulikuwa kwenye maneno. Akayafunga na maneno. Mtoto wa miaka mitano alitengeneza hoja isiyo na ufa, akiitumia elimu yote aliyokuwa amepewa na wakubwa.

Alianza darasa la kwanza akiwa hivyo, akijibu kwa kichwa. Mwalimu wake, dada mpole aliyetokea Tosamaganga, hakumlazimisha. Kisha meno mapya yakaanza kuchomoza, juu, kama yanavyochomoza kwa kila mtoto wa umri ule. Nilimkuta Tuma nyuma ya choo akiyasugua kwa kipande cha tofali hadi fizi zinatoka damu. Nilimwambia Mama, Mama akaenda kumwambia mwalimu kila kitu.

Mwalimu alifanya ambacho mimi nami ningefanya, na ambacho nimewafundisha wengi wafanye. Aliwasimamisha watoto wote wa darasa, akawaambia wapanue midomo, wakaangaliana. Mapengo juu, mapengo chini, meno mapya nusu nusu kila mahali. Akawaambia, "Mnaona? Haya huja kwa kila mtu." Watoto walicheka sana. Tuma alipita akaangalia midomo yote, mmoja baada ya mwingine.

Mchana ule tukirudi nyumbani alinivuta sketi. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kamili baada ya muda mrefu.

"Dada, na hawa wameua nani?"

Nilikuwa mtoto, nami niliamini kama wote walivyoamini. Vitabu ninavyofundishia vinasema mtoto hamwagi anachokijua ili apokee kipya. Hukichukua kipya akakiingiza ndani ya kile cha zamani, mpaka siku cha zamani kitakaposhindwa kubeba. Vinasema pia kwamba hatua ile ya kuamini kuwa mawazo yako yanaweza kuua, mtoto huipita akikua. Ni kweli, wengi huipita. Lakini Tuma alipogeuka kuwatafuta wakubwa wamvushe, aliwakuta wamesimama humo humo alimo yeye.

Alirudi kusema taratibu, mwaka hadi mwaka. Bibi alipougua mwisho wake, Tuma ndiye aliyemlisha. Sikuwasikia wakilizungumza. Sasa yuko Mbeya, Iyunga, ana cherehani zake na mtoto mmoja wa kiume, na wateja wanamsifu kwa upole. Hajawahi kumkaripia mtu.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea. Tulikuwa tunachambua mchele, nami nikaamua kumweleza kila kitu kama ninavyowaeleza wanachuo: fikra za mtoto wa umri ule, meno, tope, mzigo, tuta. Nilisema kwa muda mrefu. Hakunikatiza.

"Nakuelewa, dada," alisema mwishoni. "Nilishayajua hayo mwenyewe, nilipokuwa sekondari. Si hilo."

"Ni nini, sasa?"

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Nilimpenda sana baba mdogo. Nyumba nzima mlimlilia, hata watu wa mbali walikuja wakamlilia. Mimi sikumlilia. Ningemliliaje, na mimi ndiye niliyemuua?" Akatupa jiwe moja pembeni. "Na nilipokuja kujua si mimi, msiba ulikuwa umeshaisha zamani. Hakuna tena aliyekuwa analia."

Nilimwambia kwamba anaweza kulia sasa. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua lugha, akanyanyuka kwenda kubandika maji.