Springi ya Wazee

Shangazi yangu husambaza mikate kwa baiskeli kwenye njia ya mawe matupu, na mgongo ulikuwa unamuua. Alimuuliza shemeji yake, fundi baiskeli, kama chuma cha kushikilia siti, chenye springi ndani yake, kingemfaa. Yule bwana alicheka mbele ya wateja: "Hiyo ni ya wazee, shemeji. Wewe kaza makalio!"

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Shangazi alinunua kwingine, mgongo ukapona. Moyo haukupona.

Juzi fundi akaja kuazima baiskeli, "ile yenye springi," aende ukweni. Shangazi aliingia nayo ndani eti kuifuta vumbi, akarudisha chuma cha zamani kisicho na springi. Nilimshikia spana.

Jioni fundi alirudi akiikokota, miguu kaitanua.

"Shemeji, springi iko wapi?"

"Nimewawekea wazee."