Nusu ya Uwanja ya Towako

Misuzu Kanbara alikuwa mrefu kuliko wasichana wote wa kiwanda chetu cha keki za samaki pale Himi, mji wa pwani ya Japani, na mpole kupita kiasi. Asubuhi alifunga maboksi, mchana alikwenda mazoezini na sisi wa timu ya badminton, ule mchezo wa kupiga kinyoya kwa raketi juu ya wavu. Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba, nikilala naye chumba kimoja bwenini, kwa hiyo mengi niliyaona.

Kocha Arisaka alimpanga acheze upande mmoja na Towako Nezu, aliyemzidi miaka mitatu, na maneno pia. Misuzu alipiga kutoka nyuma kwa nguvu za ajabu. Towako alisimama karibu na wavu, akimalizia. Gazeti lilipiga picha ya Towako tu, na Misuzu hakujali kabisa.

Kisha kano ya goti la Towako ikachanika. Alikaa nje karibu mwaka mzima, na aliporudi, Misuzu alianza kukimbilia kila kinyoya, cha nyuma na cha mbele, ili mwenzake asijiumize tena. Fainali ya mkoa walifungwa. Nilikuwa nakunja taulo kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Dada, goti linauma?" Misuzu aliuliza.

"Goti haliumi. Wewe ndiye unayeniumiza."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Unanisaidia? Umenisimamisha pale kama chungu cha maua! Kile cha mwisho kilikuwa kinanijia mkononi, ukanipitia kama lori lisilo na breki. Kama hunitaki, kamwambie kocha. Kama unanitaka, niache nikosee mwenyewe."

Misuzu alitoa tonge lake la wali lililoviringishwa kwa mwani kwenye mfuko, akalitazama, akalirudisha.

Mwaka uliofuata walifika fainali ya taifa, Tokyo. Wapinzani walijua habari za goti, wakapiga vyote upande wa Towako. Nikiwa benchini nilimwona Misuzu akinyanyua mguu, kisha akijizuia. Towako akakosa. Akakosa tena. Ukumbi mzima uliguna.

"Sawa, dada," Misuzu alisema. "Kinachofuata."

Kilichofuata Towako alikipiga chini, katikati ya wale wawili, wakabaki wakitazamana. Ndivyo walivyoupata ubingwa, na waliushika miaka minne. Gazeti liliandika kwamba siku ile Misuzu alionekana amechoka. Sijawahi kumwona akifanya kazi ngumu kuliko ile ya kusimama tu.

Sasa Towako anauza tambi mjini Kanazawa kwenye duka la wakwe zake. Misuzu yuko pale pale kiwandani, idara ya kusafirisha mizigo, na Jumatano jioni anacheza na akina mama wa mtaa kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Mwenzake ni Bi Shimojo, msusi mstaafu.

"Bingwa, umelala? Hicho kilikuwa chako!"

"Nilidhani chako, mama."

"Changu, kwa miguu hii?"

Wiki iliyopita walifungwa na wauguzi wawili wa kliniki ya meno. Tukirudi, theluji ikianza kudondoka, nilimuuliza kama hakumbuki zile shangwe.

"Shangwe, hapana. Matusi ya Towako ndiyo nayakumbuka."

"Si umpigie simu?"

"Hupiga mwenyewe, kila Jumapili. Ananitukana kwanza, halafu anauliza kama nimekula."