Maneno Niliyoyameza Barazani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ya hamsini, nikiwa kijana wa shati jeupe na viatu vya kubana, niliposimama barazani Msambweni kumtafsiria mzungu wa mipango ya nyumba. Alikuja na ramani. Vibarua, wachukuzi na wajane wote waliokuwa wakiishi kando ya barabara wangehamishiwa vyumba vipya bondeni, nyuma ya machinjio. Hapa juu penye upepo pangebaki kwa maofisa na wenye maduka.

Mjomba wangu Hamisi, naye akiwa miongoni mwa wa kuhamishwa, ndiye aliyesimama kujibu. Unaijua adabu yetu watu wa huku. Alitoa salamu, akauliza hali, akashukuru, akamwombea mgeni afya. Kisha akasema, "Lakini Bwana, bonde lile hujaa maji kila masika. Na kwa nini sisi wanyonge sote turundikwe mahali pamoja? Tuache tukae na wenzetu wa huku juu."

Nilitafsiri shukrani. Yaliyobaki niliyameza, kwa kuwa nilikuwa nimeahidiwa kazi ya kudumu. Mzungu akatabasamu, akakunja ramani yake.

Masika ya kwanza maji yaliingia hadi vyumbani, yakibeba uchafu wa machinjio. Kitinda mimba wa mjomba aliharisha siku tatu, tukamzika. Pale matangani mjomba aliniita pembeni, wala hakupaza sauti.

"Nilisema maneno mawili, mpwa wangu. La kwanza ulilifikisha. La pili ulilipeleka wapi?"

Swali lile natembea nalo hadi leo.

Ndiyo maana damu hunichemka nikiwaona nyinyi mliosoma mkikaa mikutanoni huko Ukunda, mkizipanga nyumba za wanyonge zote upande wa jaa, kisha mkipiga makofi. Nani aliyewaambia maskini hana pua? Hana watoto? Mwaona haya kweli nyinyi?

Mwanangu, ukipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya mnyonge, lifikishe neno lake lote, hasa lile chungu. Ukiona maskini wametengwa upande mmoja wa mji, uliza kwa nini, uliza mbele ya watu, na usiketi mpaka ujibiwe. Wakikufukuza kazi, njoo kwangu, ugali upo. Mwenyezi Mungu akupe ulimi usioogopa, na akujaalie wewe na jirani yako maskini mlale pakavu. Amin.