Makaa, majivu na tarumbeta ya Mwanasha

Basi tarumbeta nikaikuta mfukoni, imefungwa kamba, yaenda kurudishwa.

Ya mjukuu wangu Mwanasha hiyo. Miezi mitatu ajifunza na lile kundi la Ukunda lipigalo harusini. Leo mwalimu kamwambia, "Waikandamiza mno mdomoni. Rudi mwanzo, sauti moja tu, polepole."

Kaja mdomo umevimba kama aliyeumwa na nyuki.

"Bibi, mimi sina mdomo wa tarumbeta."

Nikamwambia, haya, kabla hujairudisha, nipulizie jiko.

Akatunisha mashavu, phuuu! Majivu yote usoni kwangu, mpaka kwenye ushungi, ule niliotumiwa na dada yangu wa Lunga Lunga, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kupenda rangi yule... haya, tuyaache.

Nikainama mwenyewe. Nikabana pembe za mdomo, mashavu hayatikisiki, pumzi yatoka nyembamba. Makaa yakawaka, majivu yametulia.

"Nani alikufundisha?"

"Mamangu. Na nilikula majivu sana kabla sijajua."

Akafungua kamba.

Tangu alasiri yuko nyuma ya nyumba. Sauti moja. Yakatika, yarudi. Mimi niliyekuwa nikilalamika makelele, leo ikikatika nami pumzi yanikatika.

Nyinyi je, kipi kiliwatia majivu machoni kabla hamjakijua? Niandikieni, nitasomewa.

"Bibi! Njoo usikie, lakini usicheke!"

Haya mwanangu, naja.