Kipimajoto cha Fundi

Tangu kiwanda cha korosho njia ya Kitangari kiuzwe kwa tajiri, fundi wa tanuri, aliyepewa kazi ya kuunda kipimajoto kipya, hakuisha maringo. Vipimajoto vya zamani vilichelewa kuhisi moto, na mtikisiko wa pipa la kukaangia ulikata nyaya. Chake alikichonga ncha nyembamba, akakikalisha juu ya springi, akakifunga kengele ya kulia moto ukizidi, na kila asubuhi alikifuta kwa leso yake nyeupe, akikinong'oneza kama mchumba. Siku tajiri alipoleta wageni, Agatha, mbanguaji, alisikia kengele.

"Fundi, kinalia!"

"Subiri, mama, nawaeleza kasi yake."

Akaeleza mpaka moshi ukawatoa machozi. Korosho ziliungua zote, na Agatha na wenzake wakarudishwa nyumbani bila kibarua. Fundi alikohoa, akatabasamu.

"Mmeona? Kimeuwahi moshi!"