Damu ya Kitovu na Wakwe wa Kesho

Jana nilimpelekea dada yangu uji kwa kliniki ya wazazi hapa Kitengela. Niko na digrii ya biology na kazi ya kubeba thermos. Asante sana, serikali.

Kitanda cha pili, msichana wa koti jeupe kutoka Nairobi alikuwa anamwomba mama mja mzito damu ya kitovu mtoto akishazaliwa. "Iko na stem cells, seli changa za kutibu mgonjwa wa damu. Mtoto hataumia."

Mama akamgeukia nyanya yake. "Koko, unasemaje?"

"Huyo mgonjwa ni nani?" koko akauliza.

"Ni siri, koko. Hiyo ndiyo ethics, maadili ya kazi."

Koko akapiga paja. "Basi sitaki! Mwenye damu yetu ni ndugu. Kesho aje na ng'ombe kuoa msichana wetu, nami nimkaribishe bila kujua?"

Wodi nzima tukacheka. Msichana wa koti jeupe hakucheka. "Koko, wagonjwa wengine ni watoto. Bila hiyo damu, hawafiki umri wa kuoa."

Koko akafuta jicho. "Chukua. Lakini mwambie atafute bibi mbali na Kajiado."

Huko redioni maprofesa bado wanabishana kama seli ni mtu. Koko ameshaipa ukoo.